Kiwanda Kina Kibali. Kibali Gani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu, Ilemela, hapa Mwanza. Jirani yetu ni kiwanda ambacho usiku wa manane huachia maji ya rangi yenye povu kwenye mtaro wa mvua, na mtaro huo unaishia ziwani. Mara chache lori hutoka na tope, hatujui linakwenda wapi. Madumu ya bluu ya kemikali yanauzwa getini na akina mama wanayanunua kuhifadhia maji. Tulilalamika kata, mkaguzi akaja asubuhi moja, akapima, akasema kiwanda kina kibali na maji yako sawa. Je, serikali inasimamia vipi taka hizi za sumu, na sisi tushike wapi? Kuna pia kisima kifupi karibu na mtaro, watu wanakunywa.

Jibu: Ndugu mjumbe, mkaguzi aliyewaambia kwamba kiwanda kina kibali huenda alisema kweli tupu, na bado maji yale yakawa hayana ruhusa ya kupita pale. Kibali si karatasi moja. Kiwanda cha Mwanza, kiwe cha minofu ya sangara, cha ngozi, cha nguo au cha sabuni, huwa na karatasi kadhaa kutoka ofisi kadhaa, na kila karatasi inaruhusu jambo lake tu. Kwa hiyo msiulize kama kibali kipo. Ulizeni ni cha kufanya nini, cha kiasi gani, na cha kupeleka wapi.

Karatasi inayotolewa kwanza kuonyeshwa wageni ni cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kile kinachotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kinaning'inizwa ukutani mapokezi. Cheti hicho kinasema mradi unaweza kuendeshwa kwa masharti. Hakisemi kiwanda kinaweza kumwaga kitu chochote mahali popote. Kilicho muhimu kwenu ni kile kisichoning'inizwa: masharti yaliyoambatishwa, na mpango wa usimamizi wa mazingira ambao kiwanda chenyewe kiliuandika wakati wa kuomba. Humo mwenye kiwanda aliahidi kwa maneno yake maji yatasafishwa kwa mtambo gani, tope litakwenda wapi, nani atapima na kila baada ya muda gani. Kiwanda kilichokuwepo kabla ya sheria hiyo hakina tathmini ya mwanzo, lakini kinatakiwa kuwa na ukaguzi wa mazingira unaofanya kazi ileile. Ombeni nyaraka hizo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ofisi ya Kanda ya Ziwa Victoria iliyopo hapa Mwanza. Kifungu cha 172 cha sheria hiyo kinampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaongeza nguvu pale mtakapoambiwa mrudi kesho, na kesho tena.

Karatasi ya pili ndiyo yenye mgogoro wenu. Maji machafu ya kiwanda yana njia mbili halali za kutoka. Yakiingia kwenye bomba la majitaka la MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, na kwenda kwenye mabwawa ya kutibu majitaka ya Butuja, yanahitaji ridhaa ya MWAUWASA, nayo huweka masharti ya kile inachokubali kupokea. Yakienda mtoni, ziwani au ardhini, yanahitaji kibali cha kutiririsha majitaka kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kibali hicho hutaja mahali pa kutolea maji, kiasi, na ubora wake.

Mtaro wa mvua haumo katika njia hizo mbili. Umejengwa upokee mvua ya barabarani na mapaa, hauna mtambo wowote mwishoni, na kilichoingia leo usiku kesho asubuhi kiko ziwani. Mnachotakiwa kuangalia ni kama kibali cha Bodi ya Bonde kinataja mtaro huo, kwa jina au kwa alama za ramani, kuwa ndipo mahali pa kutolea maji. Ni kawaida sana kukuta kiwanda kina ridhaa safi ya kuingiza maji kwenye bomba la MWAUWASA, kinalipa ankara zake, kisha bomba likiziba au mtambo ukilemewa kinafungua koki ya pembeni inayomwaga mtaroni. Mkaguzi akiuliza kibali anaonyeshwa cha bomba, naye asipofuata maji kwa miguu hadi yanapotokea, ataondoka ameridhika.

Sasa kuhusu "maji yako sawa". Kiwango kinachotumika nchini kwa majitaka yanayoingia kwenye mazingira ni kile cha Shirika la Viwango Tanzania kiitwacho TZS 860, na namba zake mnaweza kuzikariri. Tindikali na besi, yaani pH, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Uhitaji wa oksijeni wa kibayolojia, ambao maabara huuandika BOD, usizidi miligramu 30 kwa lita. Ule wa kikemia, COD, usizidi 60. Chembe zinazoelea zisizidi 100. Mafuta na grisi yasizidi 10. Kromiamu yote kwa jumla 1, na ile ya aina ya sita, ambayo ndiyo kali, 0.1. Risasi 0.1. Zebaki 0.005. Rangi mnayoiona inasumbua macho, lakini rangi peke yake haiwaambii kama kuna sumu. Zebaki iliyozidi kiwango mara kumi haionekani hata kwenye glasi.

BOD ndiyo inayoua samaki kwa haraka. Inapima oksijeni ambayo vijidudu vitaila vikiozesha uchafu kwa siku 5 katika nyuzi joto 20. Damu, mafuta na utelezi wa samaki kutoka kiwanda cha minofu si sumu kwa maana ya kemikali, ila vikimwagwa kwenye ghuba tulivu vinamaliza oksijeni na samaki wanaelea. Machi 2022 samaki walipokufa Mto Mara, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na ubishi ukawa mkubwa nchi nzima. Ubishi wa namna hiyo hauishi kwa maneno. Oksijeni iliyokwisha jana huwezi kuipima leo, kwa hiyo sampuli ya saa za mwanzo ndiyo pekee yenye la kusema.

Kuna ujanja mmoja wa hesabu mnaopaswa kuujua. TZS 860 inapima mkusanyiko, yaani uchafu ndani ya lita moja, na hilo linampa mjanja mwanya: anaongeza maji. Tuseme kiwanda kinatoa mita za ujazo 200 kwa siku zenye BOD ya 1,500. Hizo ni kilo 300 za uchafu kwa siku. Mtu mmoja hutoa takribani gramu 50, kwa hiyo kiwanda hicho ni sawa na watu 6,000 wanaojisaidia kwenye mtaro wenu. Akitaka kushusha mpaka 30 kwa kuzimua tu angehitaji mita za ujazo 10,000 kwa siku, na hapo hata bili ya maji ingemshtaki. Lakini kwa nusu saa ya ukaguzi hahitaji kuzimua kutwa nzima. Anafungulia maji ya kupozea mashine yachanganyike na majitaka kabla ya shimo la kupimia, mkaguzi anachota, basi. Ndiyo maana kipimo cha mkusanyiko bila kipimo cha kiasi cha maji hakina thamani. Mwambieni mkaguzi apime vyote viwili, na aangalie kama maji ya kupozea yana bomba lake peke yake.

Kupima kiasi si jambo gumu. Kwenye shimo la mwisho huwekwa bati lenye mkato wa herufi V wa nyuzi 90, kisha kinasomwa kina cha maji juu ya ncha ya mkato. Kisomwe nyuma kidogo ya bati, palipotulia, kwa sababu maji huinama yanapokaribia mkato. Kikiwa sentimita 5, maji yanayopita ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Kikiwa sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde, karibu mita za ujazo 380 kwa siku. Kikiwa 15, ni lita 12. Angalieni mruko huo: kina kikiongezeka maradufu, maji yanaongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hiyo mstari wa uchafu ukutani mwa shimo, sentimita kadhaa juu ya maji ya mchana, unaeleza mengi kuhusu yaliyopita usiku. Mkaguzi mzoefu hutazama mstari huo kabla ya kufungua begi lake.

Kwenye sampuli ndiko mambo huharibika kimyakimya, na karibu kila kosa linaegemea upande mmoja: linashusha majibu. Sampuli ya BOD inatakiwa ikae kwenye barafu, nyuzi 4, na ianze kupimwa ndani ya saa 24, isizidi 48. Ikikaa kwenye buti la gari kwa joto la Mwanza tangu asubuhi hadi jioni, vijidudu vinakuwa vimeshakula sehemu ya uchafu njiani, na maabara itapima kilichobaki. Sampuli ya mafuta ichukuliwe kwenye chupa ya kioo na chupa nzima ipimwe, kwa sababu kwenye plastiki mafuta hunata ukutani. Ya metali itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, la sivyo nayo hunata. Kromiamu ya aina ya sita isitiwe asidi hiyo, na isipotiwa dawa yake ya kuihifadhi ipimwe ndani ya saa 24, maana inageuka polepole kuwa ya aina ya tatu iliyo pole. Sayanaidi, kwa mitambo ya dhahabu, inatiwa kostiki, yaani besi kali, hadi pH ipite 12. Bila hivyo inatoroka kama gesi, na gesi hiyo ni hatari kwa anayefungua chupa. Mkiona mkaguzi amekuja na chupa moja ya maji ya kunywa iliyosuuzwa, ameshajibu swali lenu bila kufika maabara.

Sampuli moja ya kuchota saa tano asubuhi inaeleza saa tano asubuhi. Kinachofaa kwa kiwanda kinachofanya kazi kwa zamu ni sampuli mchanganyiko: kuchota kila saa kwa saa 24, kiasi kikilingana na wingi wa maji ya saa hiyo, kisha kuchanganya. pH na joto hazichanganywi. Hizo hupimwa papo hapo. Na mahali pa kuchotea ni pale maji yanapotoka nje ya eneo la kiwanda, siyo tanki la mwisho la mtambo, kwa kuwa koki ya pembeni hupita nyuma ya tanki hilo.

Mkaguzi wa mazingira ana uwezo kisheria wa kuingia kiwandani bila hati ya mahakama kwa wakati unaofaa. Kiwanda chenye zamu ya usiku hakiwezi kudai kwamba usiku si wakati unaofaa. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba ukaguzi mwingi hutangulizwa na barua au simu, wakaguzi ni wachache kwa kanda inayoshika mikoa kadhaa, na gari la usiku lina posho yake. Ndiyo maana mnachompelekea kiwe kitu kinachomrahisishia: siku gani, saa ngapi, shimo lipi.

Tena kuna ushahidi usiohitaji maabara kabisa. Mtambo wa kutibu majitaka hula umeme na dawa. Kuondoa kilo 300 za BOD kwa kupuliza hewa kunahitaji, kwa makadirio ya kawaida, uniti 200 hadi 300 za umeme kwa siku. Ikiwa mita ya mashine za hewa inaonyesha uniti 40, mashine zinawashwa wageni wakija. Hali kadhalika shabu na chokaa: mtambo unaogandisha uchafu kwa shabu lazima uwe na risiti za shabu. Karatasi za manunuzi ni ngumu kuzighushi kuliko daftari la vipimo, kwa sababu zina muuzaji upande wa pili.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo ya kulishikia lori la tope. Uchafu ulioondolewa kwenye maji haukupotea, umegeuka tope. Chukueni kiwanda kilekile cha mita 200 kwa siku. Kama mtambo unaondoa miligramu 500 za chembe kwa kila lita, zinabaki kilo 100 za tope kavu kila siku. Tope likishakamuliwa bado asilimia 80 ni maji, kwa hiyo uzito halisi ni kilo 500 kwa siku, tani 15 kwa mwezi. Hizo ni safari moja na nusu za lori la tani 10, kila mwezi, mwaka mzima, na hapo dawa zilizoongezwa hazijahesabiwa. Sasa linganisheni na mnachokiona. Kama lori linatoka mara moja kwa miezi mitatu, basi ama maji hayasafishwi na tope linaondoka nayo usiku mtaroni, ama linafukiwa ndani ya uzio. Mkaguzi aombe daftari la tope la miezi 12 na alilinganishe na daftari la maji. Maswali machache humtoa meneja jasho kama hilo.

Kama tope hilo ni taka hatarishi au la, inategemea kiwanda. Tope la minofu ya samaki kwa kawaida si taka hatarishi, linanuka tu na linaoza. Tope la ngozi zilizotiwa kromu, la rangi, la kupaka metali, la betri, hayo ni hatarishi mpaka maabara iseme vinginevyo. Kipimo kinachotumika sana, chenye asili ya Marekani, ni cha kuloweka gramu 100 za tope kwenye maji ya asidi hafifu yenye uzito mara 20, kutikisa saa 18, kisha kupima kilichochuruzika: risasi au kromiamu ikifika miligramu 5 kwa lita, ni hatarishi. Vipande vya ngozi yenye kromu msikubali vichomwe popote kama takataka. Kromiamu ya aina ya tatu ikichomwa penye hewa inaweza kugeuka ya aina ya sita, na majivu yanakuwa mabaya kuliko ngozi yenyewe.

Taka hatarishi zina kanuni zake chini ya sheria ya 2004, na humo anayekusanya, anayesafirisha na anayehifadhi kila mmoja anahitaji kibali. Maombi hupitia NEMC. Kila shehena inasafiri na hati inayosainiwa na mzalishaji, msafirishaji na mpokeaji. Mtaalamu anayesoma hati hiyo huangalia vitu viwili tu kabla ya vingine: saini ya mpokeaji, na uzito wa kutoka dhidi ya uzito wa kufika. Hati yenye saini mbili badala ya tatu maana yake lori liliondoka na halijulikani lilikofika. Uzito ulioandikwa "tani 10" kila safari, bila kilo za ziada, maana yake hakuna mzani uliotumika.

Na mpokeaji awe nani? Dampo la Buhongwa ni la taka za mji. Tope lenye kromu au risasi halina nafasi pale hata kama aliyepo getini amepokea ada. Oili chafu inaweza kuteketezwa kwenye tanuri la saruji, ambalo hufikisha malighafi nyuzi joto 1,450 hivi, au kuchakatwa upya na mwenye kibali. Ile inayouzwa kwa lita mtaani kupaka mbao na kumwagia vumbi imetoka nje ya mnyororo huo wa vibali. Insinereta nyingi za hospitali hazifai kwa kemikali za kiwanda: taka zenye klorini nyingi zinataka nyuzi 1,100 kwa sekunde mbili kamili, nyingine 850, na tanuri dogo la matofali halikai hapo. Chini ya hapo linatengeneza dioksini, sumu kali, badala ya kuteketeza. Betri za gari ndizo zinazopita machoni petu kila siku. Betri ya kilo 15 ina kama kilo 9 za risasi, na wanunuzi wa skrepa wanaomwaga asidi mtaroni ili kupunguza uzito wanaacha sehemu ya risasi hiyo palepale. Zikivushwa kwenda nchi jirani kuyeyushwa, hiyo si biashara ya vyuma chakavu tena. Tanzania imo tangu 1993 kwenye Mkataba wa Basel, unaosimamia taka hatarishi zinazovuka mipaka ya nchi, na shehena hiyo inahitaji ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea na ya kila nchi inayopitiwa kabla haijaondoka.

Madumu ya bluu yana ofisi yake: Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, anayesimamia Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Kabla hamjaenda, someni lebo. Kuna namba ya tarakimu nne inayoanza na herufi UN. Ikiwa 1824 ni kostiki ya maji, 1791 ni dawa ya klorini, 1789 ni asidi ya haidrokloriki, 2031 ni ya nitriki, 1689 ni sayanaidi ya unga. Andikeni namba, pigeni picha. Lebo iliyobanduliwa kabla ya kuuza nayo ni taarifa, iandikeni. Utasikia watu wakisema wanasuuza kwa sabuni na maji moto. Kusuuza kwa utaratibu ni mara tatu, kila mara robo ya dumu, kwa kutikisa, na maji yale ya kusuuzia nayo ni taka ya kiwanda, si ya kumwaga uani kwa mama. Hata hivyo utaratibu huo ni wa kuandaa dumu litobolewe na kusagwa. Haulifanyi lifae kwa maji ya kunywa, kwa sababu plastiki ya namna ile hunywa viyeyusho na viuatilifu ndani ya ukuta wake na kuvitema taratibu kwa miezi. Wambieni akina mama wasitumie hata lile lisilonuka.

Mfanye nini, basi. Kwa siku 14 wekeni daftari: tarehe, saa maji yalipoanza na yalipokoma, rangi, povu, harufu (yai bovu ni dalili ya salfaidi, gesi ya sumu, na hapo msiiname juu ya shimo), mvua ilinyesha au la, picha yenye saa na mahali. Safu ya mvua msiisahau. Maji ya mtaroni usiku usio na mvua yana maelezo machache sana. Lori likitoka, andikeni namba na saa, msilizuie barabarani. Msiingie ndani ya uzio kuchota maji. Sampuli mliyochota wenyewe haina nguvu mahakamani, na mkishtakiwa kwa kuvamia mnageuka nyinyi kesi.

Kisha barua moja ya ukurasa mmoja, yenye mhuri wa serikali ya mtaa, kwa meneja wa NEMC wa kanda, nakala kwa Bodi ya Maji ya Bonde, kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa mazingira, na kwa MWAUWASA. Suala la madumu liwe barua ya pekee kwa Mkemia Mkuu. Ukichanganya, kila ofisi itasubiri nyingine. Msiandike "tunaomba mtusaidie". Ombeni vitu vinavyoweza kujibiwa ndiyo au hapana: kama kibali cha kutiririsha kinataja mtaro huu, sampuli mchanganyiko ya saa 24 pamoja na kiasi cha maji, kwa siku isiyotangazwa, ikiwemo kati ya saa sita usiku na saa kumi, daftari la tope la miezi 12 na hati za usafirishaji zenye saini tatu, na nakala ya masharti ya cheti. Hakikisheni nakala yenu inagongwa "IMEPOKELEWA" na tarehe, maana siku 30 za kujibiwa chini ya sheria ya 2016 zinahesabiwa kutoka hapo.

Meno yapo yakitakiwa. Sheria ya 2004 iliweka faini ya shilingi milioni 3 hadi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote, kwa kuchafua mazingira. Zaidi ya faini kuna amri ya kurejesha mazingira na ya kusimamisha shughuli, na hizo ndizo zinazoogopwa. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6, lakini kilichobadilisha mambo kwa haraka ni zuio la Julai mwaka huohuo la kutumia bwawa la tope. Faini inaingia kwenye bajeti; uzalishaji uliosimama hauna fungu. Kama ofisi zote zitanyamaza, kifungu cha 5 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri kutetea haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia.

Kile kisima msingoje barua. Metali haziondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, kilichobaki ni kizito zaidi. Ombeni maabara ya maji ipime kromiamu, ambayo kwa kunywa isizidi miligramu 0.05 kwa lita, na risasi, isizidi 0.01, na mtaje aina ya kiwanda ili wajue cha ziada cha kutafuta. Sampuli ichotwe baada ya kuteka ndoo kadhaa, siyo ya kwanza iliyolala usiku. Mpaka majibu yarudi maji hayo yawe ya kuoshea sakafu, na bustani za mchicha zinazomwagiliwa kutoka mtaroni nazo zisimame.